Bi. Hertha Ayrton na Siri ya Kishimo

Likizo ya Agosti nilitoka kwetu Embu nikaenda kwa mjomba, Makutano mjini Meru, ambako ana karakana ya mageti. Mabamba ya chuma huyakata kwa mashine ya plasma, inayotumia umeme na hewa ya kompresa. Siku moja mkato ukawa ovyo. Mjomba akafungua tochi ya mashine, akanionyesha kathodi: kipande cha shaba chenye tone la madini ya hafniamu nchani. Tone lilikuwa limelika, pakabaki kishimo. Kumbe moto hula hata mdomo unaoutema!

Nilipouliza sababu, mteja mmoja akanicheka, ati hayo si mambo ya wasichana. Basi nikatafuta habari za Bi. Hertha Ayrton.

Mama huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1854. Babake, fundi wa saa, alifariki yeye akiwa mdogo, mamake akawalea kwa kushona. Alisoma hisabati Cambridge, lakini siku hizo chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada. Taa nyingi za barabarani zilikuwa za tao la umeme kati ya vijiti viwili vya kaboni, nazo zilifoka kama nyoka na kuyumbayumba. Yeye hakunyamaza. Alichunguza akagundua kwamba oksijeni ya hewani huingia katika kishimo cha kijiti na kukishambulia. Alipoizuia hewa, kelele ikakoma. Mwaka 1899 akawa mwanamke wa kwanza kusoma makala yake mbele ya taasisi ya wahandisi wa umeme nchini humo. Mwaka 1902 Royal Society ikamnyima uanachama, eti ni mke wa mtu! Hakukata tamaa. Mwaka 1906 jumuiya iyo hiyo ikamtuza Nishani ya Hughes. Aliaga dunia mwaka 1923.

Hapo nikaelewa mambo ya karakana. Tungsteni, chuma kigumu, huungua upesi penye oksijeni. Ndiyo maana tochi ya hewa hutiwa hafniamu, inayostahimili zaidi. Hata hivyo, kila kuwasha na kuzima huimega kidogo. Siku hizi mjomba hawashi tochi ovyo ovyo, na hewa huichuja maji na mafuta kwanza.

Enyi wasichana wenzangu, mkichekwa msirudi nyuma. Mdharau mwiba mguu huota tende.