KAPTENI MBAYE DIAGNE: BILA BUNDUKI KATIKA VIZUIZI VYA KIGALI



Ndugu msomaji, ukimuuliza kijana wa Majengo, Makongeni au kule Ruiru akutajie mashujaa wa Kiislamu, atakutajia Sayyidna Bilal, Khalid bin Walid na Salahuddin. Hao ni wetu na tunajivunia. Lakini yuko mwingine wa juzi juzi tu, ambaye kazi yake aliifanya hapa jirani, Kigali, mahali ambapo ukipanda basi Nairobi unafika baada ya siku moja na usiku wake. Wengi wetu hata jina lake hatujalisikia. Anaitwa Kapteni Mbaye Diagne.

Alizaliwa tarehe 18 Machi 1958 Coki, kaskazini mwa Senegal, mji unaojulikana nchi ile kwa madrasa ya Qur'ani. Alikulia pembezoni mwa jiji la Dakar, mmoja wa watoto tisa, na katika nyumba yao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Baadaye akaingia jeshini na kuwa ofisa. Waliomjua wanamweleza kuwa Mwislamu mshika dini, mrefu, mcheshi, mtu ambaye ukikaa naye dakika tano lazima ucheke. Huo ucheshi uweke akilini, tutaurudia.

Mwaka 1993 Rwanda ilikuwa imechoshwa na vita kati ya serikali na waasi wa RPF. Mkataba wa amani ukatiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti, na waangalizi wa kijeshi wakapelekwa kuona kama unafuatwa. Mbaye alikwenda huko mwaka huo chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kisha akawa chini ya Umoja wa Mataifa. Mwangalizi ni mwanajeshi lakini kazi yake ni ya kibalozi. Habebi silaha. Anazungumza na pande zote mbili, anabeba ujumbe huku na huku, anaandika ripoti. Kumpendelea yeyote haruhusiwi.

Ramadhan ya mwaka 1994 iliisha katikati ya Machi. Hata mwezi haujatimia tangu Idd, usiku wa tarehe 6 Aprili, ndege iliyombeba Rais Habyarimana kutoka mkutanoni Dar es Salaam ikatunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Rais wa Burundi naye alikuwa ndani. Usiku huo huo vizuizi vikaanza kuwekwa barabarani.

Anayesafiri Garissa hadi Thika anajua kizuizi ni nini. Shuka, toa kitambulisho, eleza unakokwenda. Na Januari 2008 Wakenya wengi waliona vibaya zaidi, mawe na magogo barabarani na vijana wenye mapanga wakitaka kujua wewe ni kabila gani. Sasa Kigali kitambulisho chenyewe kilikuwa kimeandikwa kabila, mtindo ulioachwa na Wabelgiji tangu miaka ya 1930. Kikisoma Mtutsi, mara nyingi safari iliishia pale pale, mwanamke kwa mtoto. Katika siku 100 hivi waliuawa watu wasiopungua 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na serikali ya Rwanda inasema walizidi milioni.

Asubuhi ya tarehe 7 Waziri Mkuu, Bi. Agathe Uwilingiyimana, aliuawa pamoja na mumewe. Wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda nao wakauawa. Watoto wa yule mama walikuwa wamejificha jirani. Wauaji wakiwapata, basi. Mbaye hakungoja kuambiwa, aliwachukua ndani ya gari lake akawafikisha Hotel des Mille Collines, na baadaye wakatolewa nje ya nchi salama.

Hapo ndipo alipovuka mstari, maana amri ilikuwa wazi kwamba waangalizi wasiingie katika kuokoa raia. Ubelgiji ikaondoa wanajeshi wake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kikosi kizima kipunguzwe kibaki watu 270. Yaani ulimwengu ulikuwa unafungasha virago. Mkubwa wa kikosi, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, alijua Kapteni wake anafanya nini na hakumzuia. Mimi nasema hilo nalo lihesabiwe, kwani mkubwa mwingine angemrudisha Dakar kesho yake.

Sasa aliwapitishaje? Kwa mdomo, jameni. Alizoeana na wale walinzi wa vizuizi, akawajua kwa sura, akiwataniana nao na kuwagawia sigara, mara nyingine pesa. (Hapa wazee wetu watakunja uso kwa hizo sigara, na hukumu yake tunawaachia masheikh.) Fikiria wewe mwenyewe: mbele yako mtu ana panga lenye damu, kalewa tangu asubuhi, nyuma ya kiti chako watu watano wamelala chini wakiomba Mungu. Na wewe utoe utani, tena uchekeshe kweli, kwa sababu ukitetemeka tu wamekwisha.

Siku moja alikuwa garini na mwandishi wa BBC, Mark Doyle, ambaye ni mzungu. Kizuizini mtu mmoja mwenye silaha akamshuku huyo mzungu kuwa Mbelgiji, na wakati ule Mbelgiji alikuwa adui. Mbaye akadakia kwamba Mbelgiji hasa ni yeye, huku akiwaonyesha ngozi yake nyeusi tititi. Wakacheka, na gari likapita.

Siku nyingine askari alimnyanyulia bunduki mama mmoja. Mbaye akakimbia akasimama katikati, akampigia kelele yule askari kwamba akimuua mama huyu dunia nzima itajua. Hapo hapakuwa na utani. Mama yule alipona.

Lakini kisa kinachonikaa mimi zaidi ni cha Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambao Waislamu ni wengi, na siku hizo ulikuwa wa hatari sana kupita. Watu 25 walikuwa wamejificha katika nyumba moja. Gari lake lilibeba watano kwa safari. Kutoka pale hadi makao ya Umoja wa Mataifa palikuwa na vizuizi 23. Piga hesabu: safari tano, kila moja vizuizi 23, hiyo ni mara 115 za kusimamishwa akiwa na watu ambao wakionekana wanakufa, na pengine yeye pamoja nao. Na bado hujahesabu kurudi. Sisi hapa mtu akimsaidia mwenzake mara moja anataka atajwe baada ya sala ya Ijumaa. Huyu alimaliza safari ya kwanza, akageuza gari.

Aliookoa kwa jumla hakuna aliyeweka daftari lao. Makisio ni kuanzia mamia kadhaa hadi elfu moja. Wengi hawakuwa Waislamu, wala hawakuwa wa nchi yake, na lugha yao hakuzaliwa nayo.

Jumanne ya tarehe 31 Mei 1994 alikuwa peke yake ndani ya gari, akibeba ujumbe kutoka kwa mkuu wa jeshi la serikali kwenda kwa Jenerali Dallaire. Alisimama kwenye kizuizi cha serikali kama kawaida yake. Bomu la mota lililorushwa na RPF kuelekea pale likaanguka nyuma ya gari, na kipande kikapita dirishani kikampata kisogoni. Alifariki papo hapo, akiwa na miaka 36. Zilibaki siku 12 tu arudi nyumbani kwa mkewe na watoto wake wawili. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Kikosi kilikuwa kimeishiwa hadi mifuko ya kubebea maiti. Wenzake wakamfunga kwa turubai la plastiki la buluu, lile wanalopewa wakimbizi. Akarudishwa Senegal akazikwa kwa heshima za kijeshi.

Baada ya hapo, kimya. Rwanda ilimtunukia nishani mwaka 2010. Tarehe 8 Mei 2014, kwa pendekezo la Jordan, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2154 la kuanzisha Medali ya Kapteni Mbaye Diagne, ya kutolewa kwa watumishi wa Umoja wa Mataifa wenye ushujaa usio wa kawaida. Azimio lenyewe linakiri kwa majuto kwamba makao makuu ya Umoja huo hayakuwahi kuipa familia yake neno lolote la shukrani tangu afe. Ilikuwa imepita miaka 20. Medali ya kwanza ilikabidhiwa kwa familia yake New York, tarehe 19 Mei 2016.