Mbaraka Mwinshehe: Sauti Iliyovuka Mipaka

Sisi tuliokuwa Mbale miaka ya 1970 tulimjua Mbaraka Mwinshehe kwa santuri, si kwa sura. Santuri zake zilitengenezwa Nairobi, kwani Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Zilifuata njia ileile ya bidhaa nyingine: Malaba, Tororo, kisha huku kwetu Mbale, au Jinja kwenye wafanyakazi wengi wa viwandani.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Juni 27, 1944. Katikati ya miaka ya 1960 aliacha masomo ya sekondari, akajiunga na bendi ya Morogoro Jazz. Neno jazz lisikupoteze, msomaji. Katika Afrika Mashariki ya siku hizo lilimaanisha bendi ya dansi: magitaa, ngoma na saksafoni. Yeye alipiga gitaa la solo, akatunga na kuimba, na saksafoni zikamjibu. Mwaka 1970 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, Japani. Mwaka 1973 alijitoa, akaanzisha Super Volcano.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mfanyabiashara yeyote anajua uchungu wa jambo hilo: kiwanda na sehemu kubwa ya soko lake vilibaki ng'ambo. Hata hivyo, hakukatwa na Kenya, na mauti yalimkuta hukohuko. Januari 12, 1979, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Wakati huo nchi yake ilikuwa vitani na Idi Amin. Mwezi Aprili majeshi ya Tanzania yaliingia Jinja, kisha yakasonga hadi kwetu Mbale. Waganda wengi walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, wakakichukia. Mimi nilikuwa nimekipokea kwanza kwa Mbaraka, kikisimulia mapenzi, pesa na shida za dunia. Wanajeshi wale walipouliza njia, niliwajibu kwa Kiswahili nilichojifunza kwenye santuri.

Baadaye ndugu zetu walirejea kutoka uhamishoni Nairobi na Dar es Salaam. Walidhani wanatuletea nyimbo ngeni. Wakakuta tunaziimba.