Dennis Gabor: Mvumbuzi aliyesubiri mwanga kwa miaka 13

DENNIS Gabor alipobuni holografia mnamo 1947, duniani hapakuwa na mwanga uliofaa kuitekeleza. Ilibidi angoje.

Alizaliwa Juni 5, 1900 jijini Budapest, Hungary. Alisomea uhandisi huko na baadaye Berlin, Ujerumani, alikopata shahada ya uzamifu mnamo 1927. Aliajiriwa na kampuni ya Siemens, lakini Hitler alipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, mhandisi huyo mwenye asili ya Kiyahudi alipoteza kazi. Mwaka uliofuata alihamia Uingereza, akaajiriwa na kampuni ya British Thomson-Houston mjini Rugby. Hata huko, wakati wa vita, raia huyo wa kigeni alitengewa kibanda nje ya ua wa kiwanda, mbali na siri za kijeshi.

Kilichomkosesha usingizi ni hadubini ya elektroni, ambayo lenzi zake zilitoa picha zenye ukungu. Wakati wa Pasaka ya 1947, akisubiri zamu yake ya kucheza tenisi, wazo lilimjia. Picha ya kawaida hunasa ukali wa mwanga pekee. Lakini mwanga unaotoka kwenye kitu ukikutanishwa na mwingine ambao haukukigusa, mistari inayobaki kwenye filamu huhifadhi umbo zima la kitu hicho.

Wazo lilikuwa sahihi. Taa ya zebaki aliyoitumia ndiyo iliyokuwa duni. Leza ya kwanza iliwaka mwaka wa 1960, na muda si muda Leith na Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wakaushangaza ulimwengu kwa picha zao. Gabor, aliyekuwa amefundisha katika Imperial College, London, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mnamo 1971. Alifariki Februari 1979.

Uvumbuzi wake umefika mbali na hadubini. Mnamo 1965, Powell na Stetson, pia wa Michigan, walionyesha kuwa holografia huchora mtetemo wa kitu, hata ule usiofikia sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitu laini kikitikiswa kwa sauti, kipande kigumu kilichofichika ndani yake huipinda mistari ya leza inayoonekana juu. Watafiti wamejaribu mbinu hiyo, wakilenga kubaini uvimbe mwilini bila kisu wala eksirei.