Mtakatifu Augustino na Maswali ya Ujana Wake

Kila mwaka wako vijana wanaojibu maswali yote ya Katekisimu siku ya mtihani wa Kipaimara bila kukosa hata neno moja, na miaka michache baadaye hawaonekani tena kanisani. Twafanya haraka kuwalaumu. Yafaa kwanza tuyatazame maisha ya Augustino, ambaye naye aliiacha njia ya mama yake kwa muda mrefu.

Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ambao leo waitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Alikuwa mwana wa Afrika, jambo ambalo sanamu zake hutusahaulisha. Baba yake alikuwa bado mpagani. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa sala nyingi. Mtoto alitiwa ishara ya msalaba na kuonjeshwa chumvi kwa desturi ya wakatekumeni wa siku zile, ila hakubatizwa. Jina la Yesu alilijua tangu utotoni, na alilipenda.

Akiwa na umri wa miaka 19, mwanafunzi huko Kartago, alisoma kitabu cha Cicero akashikwa na kiu ya hekima. Akayafungua Maandiko Matakatifu, akayaona maneno yake ni duni mbele ya ufasaha aliouzoea, akayafunga. Ndipo alipokutana na Wamani. Watu hao waliwacheka Wakristo kwa kuamini pasipo kuuliza, wakaahidi kueleza kila jambo kwa akili. Wakamwuliza uovu watoka wapi, kama Mungu ana nywele na kucha, na jinsi gani mababu wenye wake wengi waweza kuitwa wenye haki. Kijana hakuwa na jibu. Akakaa nao miaka 9.

Wahubiri wengi hupenda kutaja dhambi zake za mwili, na kweli aliishi na mwanamke pasipo ndoa, akazaa naye mtoto, Adeodatus. Lakini sisi twaona kwamba maswali yale yasiyojibiwa yalimfunga kwa kamba isiyo nyembamba kuliko tamaa. Alikuwa na dini ya mtoto katika kichwa cha mtu mzima.

Monika alimwendea askofu mmoja amwombe azungumze na mwanawe. Askofu huyo, aliyelelewa utotoni na Wamani wenyewe, alikataa. Aliona kijana amevimba kwa elimu mpya na hafundishiki bado. Mama akarudi kwenye sala na machozi yake.

Mwaka 383 Fausto, mwalimu mkuu wa Wamani, alifika Kartago. Augustino alikuwa amemngoja kwa miaka mingi, akakuta maneno matamu yasiyo na majibu. Akaenda Roma, kisha Milano, alikopewa kazi ya kufundisha ufasaha. Huko alianza kumsikiliza Askofu Ambrosi, mwanzoni kwa ajili ya uzuri wa usemi wake tu. Ambrosi alieleza Agano la Kale kwa subira, akionyesha maana ya kiroho iliyofichwa chini ya maneno, na vikwazo vya miaka mingi vikaanza kuanguka kimoja kimoja. Hata hivyo kuelewa hakukutosha. Alijua ukweli na bado hakutaka kuyaacha maisha yake ya zamani, mpaka mwaka 386, katika bustani, neema ilipoushinda moyo wake. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi alimbatiza, pamoja na Adeodatus.

Mwaka 391, mjini Hippo, waamini walimkamata kanisani wakamtaka awe padre. Akapewa daraja huku akilia. Kisha huyu aliyekuwa mwalimu katika mji wa kaisari alimwandikia Askofu Valerio kuomba nafasi hadi Pasaka, ajifunze Maandiko kwanza. Aliyajua kwa wokovu wake mwenyewe. Kuwalisha wengine aliona ni jambo jingine.

Baadaye, akiwa askofu, aliandika kitabu kwa ajili ya Deogratias, shemasi wa Kartago aliyehuzunika kwa kuwachosha wanafunzi wake. Mashauri yake ni ya mtu aliyewahi kukaa upande wa wasikilizaji. Mwulize mgeni kwanza kilichomleta. Msimulie mapendo ya Mungu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Akinyamaza, mwulize kama ameelewa. Akipiga miayo, mchangamshe, au mpe kiti akae. Wazazi na makatekista wangekisoma leo kwa faida.

Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wa Hippo. Hakuandika wasia, kwa kuwa hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe kwa ajili ya watakaokuja.