Mangi Meli wa Old Moshi na Suala la Ushahidi

Neno shahidi, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, hubeba maana mbili: mtu anayeeleza aliyoyaona, na mtu anayeuawa kwa ajili ya imani yake. Maisha ya Mangi Meli yanadai kwamba maana ya kwanza ichunguzwe kwa makini, kwani ni ushahidi wa mdomo uliomfikisha kwenye kitanzi.

Meli alikuwa mwana wa Rindi, aliyefahamika kwa wageni kama Mandara, naye alirithi utawala wa Old Moshi baba yake alipofariki mwaka 1891. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akapoteza maisha. Hata hivyo, Agosti 1893 Gavana von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi, Meli akalazimika kusalimu amri.

Wakati huo Mangi Marealle wa Marangu alikwisha kuchagua njia ya urafiki na Wajerumani. Baadaye Kapteni Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi, alipokea habari kwamba Meli na viongozi wengine walikuwa wakipanga uasi. Kathleen Stahl, katika historia ya Wachagga aliyoichapisha mwaka 1964, anamhusisha Marealle na tuhuma hizo. Hapakuwa na mahakama huru ya kuzipima. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na wenzake 18, miongoni mwao Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kwa zaidi ya miaka 100 madai hayo yalihifadhiwa kwa mdomo tu. Mjukuu wa Meli aliyashikilia kwa miongo mingi, na mwishowe akatoa sampuli ya vinasaba. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Vinasaba vilihusisha baadhi yake na jamaa walio hai wa Akida, mshauri wa Meli, na wa ukoo wa Molelia. Fuvu la Meli mwenyewe halikutambuliwa.

Hivyo basi, maabara ilithibitisha kwamba masimulizi ya Kilimanjaro kuhusu vichwa vilivyochukuliwa hayakuwa ngano. Lakini ushahidi wa kisayansi nao una mpaka wake. Mfupa waweza kusema ni wa nani. Hauwezi kusema iwapo mwenyewe alipanga uasi au alisingiziwa. Swali hilo, ambalo lingestahili kuulizwa kabla ya tarehe 2 Machi 1900, limebaki mikononi mwa wanahistoria, na sehemu kubwa ya wale ambao wangelijibu walinyongwa siku hiyo hiyo.