Pio Gama Pinto na Kitanzi

Ukimtaja Pio Gama Pinto, wengi watakwambia ni yule Mgoa aliyepigwa risasi Nairobi. Ni kweli, lakini hiyo ni habari ya kufa kwake tu. Kuishi kwake nako kuna mambo, na moja lisilosemwa sana ni vile alivyohangaika kuwaponya watu na kitanzi.

Alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi, 1927. Alipokuwa na miaka minane akapelekwa India kusoma. Huko vitabu peke yake havikumtosha. Akiwa kijana Bombay aliingia katika mgomo wa wafanyakazi wa posta, kisha akajitia katika harakati za kuwatoa Wareno Goa. (Wareno sisi wa Mombasa twawajua, ngome yao ya Fort Jesus, hapo si mbali na Ganjoni, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958.) Wareno walipotaka kumkamata, akarudi Kenya, mwaka 1949. Alijifunza Kiswahili akakisema, na kwa hilo tu chama chetu kingempigia makofi. Akaingia kwenye magazeti na vyama vya wafanyakazi.

Basi, tarehe 20 Oktoba, 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Kabla ya hapo mtu alinyongwa hasa kwa kuua. Sasa sheria ikapanuliwa: kulisha watu kiapo, kitanzi, kukutwa na bunduki, au hata risasi moja mfukoni, kitanzi. Mwaka 1953 zikaundwa korti maalumu za kuharakisha kesi hizo. Hebu fikiria mkulima aliyetolewa shambani, hana pesa, Kiingereza hajui, amesimama mbele ya jaji Mwingereza na maneno yote yanamfikia kupitia kwa mkalimani. Ilipokwisha Hali ya Hatari, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya Mau Mau.

Pinto hakuwa wakili. Joho hakuwa nalo. Lakini aliona kwamba mtu asiye na wa kumsemea amekwisha kufa kabla ya hukumu kusomwa. Kwa hiyo akawa miongoni mwa waliopanga utetezi, si wa wakubwa wa siasa tu, bali pia wa watu wa kawaida walioshtakiwa kwa makosa ya kunyongwa. Alishirikiana na mawakili kama Fitz de Souza. Wakati huohuo Argwings-Kodhek, wakili Mwafrika, naye alikuwa akiwatetea watu hao mahakamani. Kazi ya Pinto ilikuwa ile ya nyuma ya pazia isiyopigiwa vigelegele. Lakini tusimfanye malaika. Wapiganaji wenyewe aliwasaidia kwa pesa na silaha, na mkoloni hakukosea kumwona adui.

Januari 1954 alimwoa Emma Dias. Pesa za zawadi walizopewa na baba mkwe, bwana akanunulia mashine ya kuchapia! Sijui bibi harusi alisemaje. Ndoa ilikuwa na miezi mitano tu alipokamatwa, tarehe 19 Juni, akaletwa huku kwetu Pwani, kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Hakushtakiwa kortini. Baba yake alifariki yeye akiwa kizuizini. Baadaye akahamishiwa Kabarnet, na akaachiliwa 1959. Hakupumzika. Alisaidia familia za waliofungwa, akaanzisha Sauti ya KANU, na 1964 akaingia Bungeni.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari, 1965 aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake, Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37.

Hapa ndipo penye uchungu, msomaji. Kenya ilikuwa huru, lakini kitanzi cha mkoloni kilikuwa kimerithiwa kizima. Kijana mmoja, Kisilu Mutua, akahukumiwa kunyongwa kwa kumuua Pinto, mtu yule yule aliyewatafutia wengine mawakili. Kisilu alikana. Jaji mwenyewe alionyesha kuwa huenda wahusika wote hawakufikishwa mbele yake, ila kwa mauaji sheria haikumpa nafasi ya kuchagua adhabu nyingine. Baadaye hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Sheria hiyo ya kumfunga jaji mikono ilianza kuvunjika hapa hapa Mombasa. Tarehe 30 Julai, 2010 Mahakama ya Rufani, katika kikao chake mjini kwetu, iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila aliyeua ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Juu ikasema vivyo hivyo mwezi Desemba 2017. Kisilu alikuwa ameshatoka tangu 2001, baada ya miaka zaidi ya 35 gerezani, bado akisema si yeye aliyeua.