Chifu Aliyekalia Kiti cha Umma

Huenda msomaji wetu wa Visiwani akauliza Iringa, nchi ya milima na baridi, ina lipi la kumfunza mtu wa bahari. Tunaamini lipo, nalo ni maisha ya Marehemu Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa karibu miaka 30.

Alizaliwa mwaka 1920. Babu yake, Mtwa Mkwawa, ndiye aliyewashinda Wajerumani kule Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajiua asije akatiwa mikononi mwao. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Mwaka 1940 Waingereza walimwondoa Sapi katika utawala wa Wahehe, wakamweka mwanawe Adam. Heshima ya namna hiyo ina uchungu ndani yake, kwani aliyekupa kiti ndiye aliyemng'oa baba yako. Hata hivyo, ni katika zamu yake ndipo jeraha la ukoo lilipopata dawa. Fuvu ambalo Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, alilipokea Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kutoka kwa Gavana Twining.

Tayari katika miaka ya 1940 alikuwa ameingia katika Baraza la Kutunga Sheria, wakati Waafrika humo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1962 akawa Spika, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka uliofuata utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria. Hapa ndipo tunapoona ukubwa wake. Kiti cha kurithi kilimponyoka, naye akaendelea kukitumikia kile cha kuazimwa, ambacho kazi yake ni kuwasikiliza wengine wakinena.

Sisi wa Visiwani tunahusika naye moja kwa moja. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Mapatano ya Muungano, na siku chache baadaye Bunge la Tanganyika likayaridhia, yeye akiwa Spika. Tangu hapo wajumbe kutoka Unguja na Pemba nao walikaa mbele ya kiti chake.

Hatusemi kwamba kiti hicho kilikuwa na nguvu zote. Mwezi Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, nao wakapoteza ubunge. Miongoni mwao walikuwamo wa Nyanda za Juu Kusini, kama Eli Anangisye wa Rungwe, mkoani Mbeya, na Ndugu Chogga wa Iringa. Uamuzi haukutoka Bungeni, na Spika hakuwa na mamlaka ya kuwarudisha. Wananchi wa majimbo hayo walibaki bila sauti waliyoichagua. Hilo ni funzo pia: Spika hawezi kumlinda mjumbe iwapo sheria haikumpa ngao.

Mwaka 1973 uspika ulikwenda kwa Chifu Erasto Mang'enya; mwaka 1975 ukarudi kwake. Mwezi Agosti 1993, katika Bunge alilokuwa Spika wake, kundi la wabunge lililoitwa G55 lilileta hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na hoja ikapita. Mwaka 1994 msimamo huo ulibatilishwa. Awe mtu aliipenda hoja ile au aliichukia, ilisemwa mchana kweupe, mahali panapostahili kusemewa.

Alistaafu Aprili 1994, akafariki Juni 1999.

Kwa viongozi wetu wa leo, wa Bara na wa Visiwani, tuna neno moja. Ofisi zina viti vingi, na kila mkaliaji huelekea kudhani amezaliwa navyo. Mtu aliyezaliwa na kiti kwelikweli aliishi kama mpangaji. Basi na sisi tuliopangishwa tu, tusijifanye wenye nyumba.